Ukifilisika, pensheni yako inabaki wapi? Mwongozo kwa wastaafu wa Uganda

Kila mwisho wa mwezi, pensheni ikishaingia na kuisha siku hiyohiyo, nagongewa mlango hapa Arua. Anakuja mwalimu mstaafu, au afande niliyekuwa naye polisi, au mama aliyestaafu uuguzi na mfuko wake wa nailoni uliojaa karatasi. Swali ni lilelile: "Mkopeshaji anasema atanifilisi kortini. Pensheni yangu wataichukua?" Siku hizi kuna na swali la upande wa pili. Mtu amesikia kwamba ukitangazwa muflisi madeni yote yanafutwa, basi anataka kuelekezwa fomu akajaze kesho asubuhi.

Nilikuwa karani wa mishahara polisi kwa miaka mingi, kwa hiyo watu hudhani najua. Ninachojua nakiandika hapa, na nakiandika mara moja tu, kwa sababu koo limechoka.

Jibu fupi, kwa mwenye haraka: mwenye kukudai hawezi kuikamata pensheni ya serikali. Lakini amri ya mahakama ya kukutangaza muflisi inaweza kuikatisha. Soma tena sentensi hizo mbili. Wengi huishia kwenye ile ya kwanza, wakaenda kujifilisi wenyewe kwa hiari, ndipo wakakutana na ile ya pili.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Usije kwangu, wala usiende kwa wakili, mikono mitupu. Kusanya hivi:

- kitambulisho cha taifa na namba yako ya pensheni;
- barua ya kustaafu na ile iliyoonyesha hesabu ya kiinua mgongo na pensheni ya mwezi;
- taarifa ya benki ya miezi sita iliyopita, yenye muhuri;
- mikataba yote ya mikopo, hata ile ya karatasi ya daftari iliyotiwa saini kwenye meza ya baa;
- kila barua ya madai uliyopokea, na tarehe uliyoipokea imeandikwa juu kwa kalamu;
- daftari jipya.

Kama mkataba wa mkopo huna kwa sababu mkopeshaji alibaki nao, mwombe nakala kwa maandishi. Akikataa, andika kwenye daftari siku uliyoomba na jina la aliyekuwepo.

Hatua ya 1. Jua pensheni yako ni ya aina gani

Wastaafu huita kila kitu pensheni, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Ukiwa mtumishi wa umma wa kawaida, yaani mwalimu wa shule ya serikali, polisi, magereza, muuguzi, karani wa wilaya, pensheni yako inatoka chini ya Sheria ya Pensheni. Hulipwa kila mwezi kutoka hazina. Katiba ya 1995, ibara ya 254, inasema isikatwe kodi, ilipwe kwa wakati, na irekebishwe kufuatana na thamani ya pesa. Sheria yenyewe inasema huwezi kuiuza wala kumhamishia mtu, na haikamatwi kwa ajili ya deni. Kuna milango miwili iliyoachwa wazi: deni unalodaiwa na serikali yenyewe, na amri ya mahakama ya matunzo ya mke au mtoto.

Sheria hiyohiyo, tuliyoirithi tangu enzi za mkoloni, ina kifungu kingine ambacho hakuna anayekisoma siku ya kustaafu. Mstaafu akitangazwa muflisi na mahakama, pensheni yake inakoma. Baada ya hapo serikali ina hiari ya kuamua kwamba pesa hiyo, yote au sehemu, itumike kumtunza yeye mwenyewe, mke wake, watoto wake au wategemezi wake wengine. Ni hiari. Hugeuki mwenye haki ya kudai, unageuka mwombaji.

Ukiwa mwanajeshi wa UPDF, una sheria yako ya pensheni na bodi yako, chini ya Wizara ya Ulinzi. Mambo yanafanana kwa mengi, lakini uliza huko kwenye bodi, si kwa mstaafu mwenzako wa polisi.

Ukiwa ulifanya kazi kwenye kampuni au shirika binafsi, ulikuwa unachangia NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii: asilimia 5 kutoka kwako na 10 kutoka kwa mwajiri. Hapo hakuna pensheni ya kila mwezi. Unapewa donge moja ukifika miaka 55, au 50 ukiwa umekaa mwaka mzima bila ajira. Tangu marekebisho ya 2022, aliyefika miaka 45 na kuchangia miaka 10 anaweza kuchukua asilimia 20 mapema. Hatari ya donge ni kwamba likishaingia benki linakuwa pesa kama pesa nyingine. Ukitangazwa muflisi likiwa kwenye akaunti yako, limo katika mali ya kugawiwa wadai.

Kwa hiyo andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: pensheni ya umma, ya jeshi, au donge la NSSF. Kila hatua inayofuata inategemea jibu hilo.

Hatua ya 2. Panga madeni yako kwa makundi manne

Usiandike orodha moja ndefu, itakutisha bure. Gawa ukurasa sehemu nne.

Kundi la kwanza ni deni lenye rehani: hati ya shamba au nyumba iko benki. Kufilisika hakumzuii mwenye rehani kuuza alichowekewa. Ila kama ni ardhi mnayoishi na familia, angalia kama mwenzi wako alitia saini ya kuridhia. Sheria ya Ardhi inadai ridhaa hiyo, na nimeona rehani ikiyumba kwa kukosa saini ya mama mmoja tu.

Kundi la pili ni mkopo unaokatwa moja kwa moja kwenye pensheni au kwenye akaunti. Huu hawakukukamata, wewe ndiye uliyewaruhusu.

Kundi la tatu ni madeni yasiyo na dhamana ya mali: mkopeshaji wa mtaani, duka la vifaa vya ujenzi, ada ya shule ya mjukuu, Sacco yenye wadhamini. Kwenye Sacco andika majina ya wadhamini pembeni. Wewe ukifilisika, wao hawafunguliwi. Watafuatwa kesho yake, na utakutana nao msikitini au kanisani.

Kundi la nne ni deni la serikali: kodi, au pensheni uliyolipwa kupita kiasi. Hili, kama nilivyosema, linaweza kukatwa kwenye pensheni yenyewe.

Hatua ya 3. Rudisha kadi yako ya ATM

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo pensheni nyingi zinapopotelea, na hakimu hajui lolote.

Mwaka fulani nilimsindikiza mzee mmoja, mwalimu mstaafu, kwa mkopeshaji wake. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri. Mkopeshaji akavuta droo. Ndani mlikuwa na kadi za ATM zimefungwa na mpira kama karata, nadhani zaidi ya thelathini, kila moja imebandikwa kipande cha plasta na namba nne za siri zimeandikwa kwa kalamu ya wino. Tarehe 28 pesa zikiingia, kijana alikuwa anazunguka nazo kwenye mashine, kadi baada ya kadi. Mzee aliitambua yake kwa kona iliyovunjika.

Pensheni yake ilikuwa kama 450,000 kwa mwezi. Alikopa milioni 3 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Piga hesabu: riba peke yake 300,000. Anabakiwa na 150,000, na ile milioni 3 haijapungua hata shilingi. Baada ya miezi kumi alikuwa amelipa milioni 3 za riba, na bado anadaiwa milioni 3.

Sheria inamlinda mzee huyu asikamatiwe pensheni, lakini yeye mwenyewe aliitoa pamoja na namba ya siri. Kanuni za wakopeshaji zilizotoka chini ya sheria ya mikopo midogo ya 2016 zinamkataza mkopeshaji kushika kadi ya benki au kitambulisho chako kama dhamana. Basi fanya hivi:

a) Mwandikie mkopeshaji kuomba kadi yako, ukitaja kwamba deni unalikiri na utalilipa kwa utaratibu mwingine.

b) Asipoitoa ndani ya siku chache, nenda benki na kitambulisho, funga kadi hiyo, upewe mpya na namba mpya. Benki haihitaji ruhusa ya mkopeshaji.

c) Peleka malalamiko UMRA, mamlaka inayosimamia wakopeshaji, ukiambatisha nakala ya barua yako.

Usifunge kadi kimyakimya bila barua. Atakwenda polisi kudai umemtapeli, na utapoteza wiki mbili kujieleza kituoni.

Hatua ya 4. Ukipokea barua rasmi ya madai, hesabu siku

Kuna tofauti kati ya barua ya vitisho ya wakili na ile notisi ya madai iliyo chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2011. Ile ya pili inakupa siku 20 za kazi kulipa au kuelewana. Ukikaa kimya, kimya chako kinachukuliwa kuwa ushahidi kwamba huwezi kulipa madeni, na mdai anaweza kuomba mahakama ikutangaze muflisi.

Kwa hiyo siku ileile uliyoipokea, andika tarehe na nenda kwa wakili. Kama deni unalipinga, au kiasi kimeongezwa, ombi la kuifuta notisi lina muda mfupi kuliko hizo siku 20. Huna wakili? Chama cha Wanasheria cha Uganda kina mradi wa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo. Kesi ya mtu binafsi isiyozidi milioni 50 inasikilizwa na mahakama ya hakimu mkuu, si lazima Mahakama Kuu, kwa hiyo hata gharama si zile za Kampala unazoogopa.

Hatua ya 5. Zungumza na wadai kabla mtu hajataja neno muflisi

Hapa una silaha ambayo wastaafu wengi hawajui kwamba wanayo. Mdai anayekufilisi ili apate pensheni yako anajikata tawi alilokalia. Amri ikitoka, pensheni inakoma. Haingii mfukoni mwake. Kitu pekee kilichokuwa kinaleta pesa kila mwezi kimekufa, na yeye anapanga foleni na wadai wengine kugawana baiskeli na viti.

Mwambie hivyo, kwa heshima. Halafu weka mezani mpango ulioandikwa. Yule mwalimu wangu alitoa pendekezo hili: riba isimame, deni libaki milioni 3, alipe 150,000 kwa mwezi kwa miezi 20, yeye mwenyewe akiweka kwa mkono wake baada ya kutoa pesa. Mkopeshaji alipiga kelele asubuhi nzima. Mchana akatia saini, mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji.

Kama wadai ni wengi na hawaelewani, Sheria ya Ufilisi ina njia ya kati, ambayo ni mpango wa makubaliano na wadai wote kupitia mahakama. Unaomba amri ya muda ya kukulinda, na ikitoka, wadai hawaruhusiwi kukushika wakati msimamizi mwenye leseni anaandaa pendekezo. Wadai wakilipitisha, linawafunga wote, na wewe hujatangazwa muflisi. Kwa mstaafu wa serikali, hii ndiyo njia ninayoipendekeza kabla ya kufikiria kujifilisi.

Hatua ya 6. Ikiwa amri ya kufilisika haiepukiki

Wakati mwingine imeshatoka. Fanya yafuatayo kwa mpangilio huu.

Kwanza, fika kila siku uliyoitwa. Mali yako inakuwa chini ya Mfilisi Rasmi, ambaye ofisi yake iko URSB, ofisi ya usajili wa kampuni na biashara, na baadaye chini ya mdhamini wa ufilisi, yaani mtu atakayeteuliwa kusimamia mali yako, si kama wale wadhamini wa Sacco. Utatakiwa kueleza mali na madeni yako yote kwa maandishi na kuhojiwa hadharani. Itaje pensheni. Kuificha ni kosa la jinai, na haina faida, maana jina lako linatangazwa.

Pili, jua visivyoguswa: nguo, matandiko, chakula na mahitaji ya msingi ya nyumba yako, pamoja na vifaa unavyofanyia kazi. Mstaafu anayeshona ana cherehani yake. Nyumba ya familia ina masharti yake maalumu, na mahakama inapaswa kuangalia mtakaa wapi. Iliyowekwa rehani ni habari nyingine, rudi kundi la kwanza.

Tatu, na hili usilale nalo: andika barua kwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Utumishi wa Umma kupitia ofisi iliyokuwa inakulipa, iwe wilaya, halmashauri ya jiji au makao makuu ya polisi. Eleza kwamba umetangazwa muflisi tarehe fulani, taja wanaokutegemea, ambatisha cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya LC1 na karatasi za hospitali kama mtu ana sukari au presha. Omba ile hiari ya serikali itumike, pesa ilipwe kwako au kwa mwenzi wako kwa ajili ya matunzo. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri hujapeleka kitu.

Tahadhari moja kuhusu barua hiyo. Sheria inahesabu pesa iliyotumika kulipa madeni yako kuwa imetumika kwa faida yako. Kwa hiyo sema wazi kwamba unaomba matunzo: posho, dawa, ada. Usiache pengo.

Nne, ukiwa muflisi huwezi kugombea ubunge hadi uondolewe hali hiyo. Najua wengi wenu hamna mpango huo, lakini kuna afande mmoja aliyekuja kuniuliza.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kuhamishia shamba kwa mtoto wiki mbili kabla ya kesi. Mdhamini wa ufilisi anaweza kuiomba mahakama ifute uhamisho wa namna hiyo, na sasa mtoto naye yumo kortini.

Kuchanganya pensheni na pesa ya biashara kwenye akaunti moja. Mdai mwenye hukumu anaweza kuomba akaunti izuiwe, na wewe utashindwa kuonyesha shilingi ipi ni ya hazina na ipi ni ya mihogo. Fungua akaunti ya pensheni peke yake.

Kukopa kwa mkopeshaji wa pili ili kumlipa wa kwanza. Hapa sina la kueleza.

Kutumia kiinua mgongo chote kujenga, ukitegemea pensheni ya mwezi imalize paa. Kumbuka kiinua mgongo chenyewe kimetokana na theluthi ya pensheni uliyoiuza, ndiyo maana kwa miaka 15 ya kwanza unapokea theluthi mbili tu.

Mambo yakikwama

Pensheni imekatika na hujatangazwa muflisi. Usikimbilie kulaumu mdai. Mara nyingi ni uhakiki wa kuthibitisha uko hai uliopita bila wewe kufika, au jina kwenye kitambulisho halilingani na la benki. Anza na ofisi ya rasilimali watu ya wilaya yako.

Dalali wa mahakama amefika nyumbani na karatasi. Isome. Kama ni amri ya kukamata mali, mwonyeshe kwa utulivu visivyokamatwa, andika kila anachobeba, mwite LC1 ashuhudie. Usipigane naye, na usimpe kadi ya benki "ili yaishe".

Mdai anatishia jela. Kifungo cha madai kipo kwelikweli Uganda, hadi miezi sita, na mdai ndiye anayegharimia chakula chako huko ndani. Lakini hakianzi bila hukumu na bila kuitwa kueleza kwa nini usifungwe. Siku hiyo ya kuitwa nenda na taarifa ya benki na mpango wa malipo. Wanaofungwa, kwa niliyoyaona, ni wale wasiofika.

Akaunti imezuiwa na pensheni iko ndani. Chukua taarifa ya benki inayoonyesha pesa imetoka hazina, pamoja na barua ya pensheni, na wakili aombe mahakama iiachie. Huu ndio wakati ile akaunti ya peke yake inapokuokoa.

Barua ya kuomba matunzo haijajibiwa. Rudi na nakala yako yenye muhuri kila baada ya wiki mbili, omba namba ya faili, andika jina la uliyemkuta mezani. Ukiwa mbali na Kampala, mtume mtoto na barua ya kumruhusu, yenye saini yako na nakala ya kitambulisho chako, maana bila hiyo karatasi hawatamfungulia faili.